Utafiti wa tiba hospitalini: unavyopangwa, unavyosimamiwa, na haki za anayeombwa kushiriki

Kwa jamii ya Wabajuni, iliyotawanyika tangu mwaka 1991 kutoka Chovae, Koyama, Chula na Kismayo hadi Lamu, Malindi, Mombasa na ng'ambo, hospitali kubwa ni mahali pa kusafiria. Kwa aliye kisiwani, safari hiyo huanza baharini. Kwa aliye ukimbizini, huanza kwa kutafuta karatasi na nauli. Na mara nyingine mzazi afikapo na mtoto mwenye homa kali, hukutana na swali asilolitarajia: mbali na matibabu, je, anaridhia mtoto wake aingizwe katika utafiti?

Swali hilo halizuki ghafla. Nyuma yake kuna kazi ya miaka, yenye maandiko, kamati, bajeti na watu wengi ambao mzazi hatawaona kamwe. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyopangwa na kusimamiwa, ni nani mwenye mamlaka ya kuisimamisha, na ni mambo gani mshiriki ana haki ya kuyajua kabla ya kusema ndiyo au hapana.

Hospitali yenye kazi tatu

Hospitali ya mafunzo ina kazi tatu chini ya paa moja: kutibu wagonjwa, kufundisha madaktari na wauguzi, na kutafuta maarifa mapya. Katika Afrika Mashariki hospitali za namna hiyo ni pamoja na Muhimbili mjini Dar es Salaam, Mulago mjini Kampala, Kenyatta mjini Nairobi na Moi mjini Eldoret.

Kwa watu wa pwani, kituo kinachojulikana zaidi kiko Kilifi, takriban kilomita 60 kaskazini mwa Mombasa. Mwaka 1989, Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, iliyoanzishwa mwaka 1979, ilishirikiana na wakfu wa Wellcome wa Uingereza na Chuo Kikuu cha Oxford kufungua kituo cha utafiti ndani ya uwanja wa hospitali ya wilaya. Miongoni mwa waasisi walikuwamo Norbert Peshu na Kevin Marsh. Walianza wakiwa kundi la watu wapatao 12. Baadaye kituo kikawa na wafanyakazi mia kadhaa, wakiwamo wanasayansi zaidi ya 100.

Kazi hizo tatu hazivutani daima, lakini zinaweza kuvutana. Daktari anayetibu hutazama manufaa ya mgonjwa aliye mbele yake. Mtafiti hutazama maarifa yatakayowafaa wagonjwa wa kesho. Mtu huyohuyo anapovaa kofia zote mbili, ni lazima pawe na kanuni za kumlinda mgonjwa. Huko Eldoret, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, ulioanza pia mwaka 1989, ulishika msimamo kwamba huduma ndiyo itangulie na utafiti uifuate. Kilifi nayo, madaktari wa kituo cha utafiti hushiriki kuwahudumia watoto wote waliolazwa, wawe ndani ya utafiti au nje yake.

Kila kitu huanza na swali

Mpango mzuri wa utafiti hauanzi na fedha wala mashine. Huanza na swali moja lililo wazi, ambalo jibu lake litabadilisha jambo fulani katika tiba.

Mfano ni chandarua. Katika miaka ya 1980 ilikwisha kujulikana kwamba chandarua kilichotiwa dawa hupunguza kuumwa na mbu. Lakini je, hupunguza vifo vya watoto? Serikali haziwezi kununua mamilioni ya vyandarua kwa kudhani tu. Kati ya mwaka 1993 na 1995, Kilifi ilikuwa mojawapo ya maeneo machache barani Afrika yaliyofanya jaribio kubwa kulijibu swali hilo. Baadhi ya vijiji vilipata vyandarua mwanzoni, vingine vikangojea, na vifo vikahesabiwa pande zote mbili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha kwamba vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa asilimia 33, na kulazwa kwa malaria kali kwa asilimia 44.

Chandarua chenye dawa kinachogawiwa leo kliniki za akina mama kimesimama juu ya majibu ya namna hiyo.

Kuhesabu watu kabla ya kuhesabu wagonjwa

Hospitali huwaona wanaofika tu. Ikiwa watoto 50 wamelazwa kwa kichomi mwaka huu na 30 mwaka ujao, haijulikani kama ugonjwa umepungua au watu wamehama, wameshindwa nauli, au wamekwenda kwa mganga. Ili idadi ya wagonjwa iwe na maana, ni lazima ijulikane idadi ya watu walikotoka.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2000 kituo cha Kilifi kilianzisha daftari la wakazi wa eneo lenye ukubwa wa kilomita za mraba 891 kuizunguka hospitali. Wahudumu wa nyanjani hupita nyumba kwa nyumba, takriban kila baada ya miezi minne, wakiandika waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2010 daftari hilo lilikuwa na watu wapatao 260,000. Mgonjwa anapolazwa, jina lake huunganishwa na kaya yake.

Kazi hii ni ya kuchosha na haina sifa magazetini, lakini ndiyo iliyowezesha maswali makubwa kujibiwa. Kenya ilipoanza mwezi Novemba 2001 kutoa chanjo dhidi ya bakteria wa Hib, wanaosababisha homa ya uti wa mgongo na kichomi, takwimu za Kilifi zilionyesha kwamba katika miaka michache ugonjwa mkali wa Hib miongoni mwa watoto wa chini ya miaka mitano ulipungua kwa asilimia 88. Chanjo dhidi ya bakteria wa nimonia ilipoanza mwaka 2011, ugonjwa mkali unaoletwa na aina za bakteria zilizolengwa na chanjo hiyo ulipungua kwa asilimia 92 katika umri huohuo. Majibu kama haya humpa waziri wa afya hoja ya kuendelea kununua chanjo.

Andiko, kamati na bajeti

Swali likishapatikana, huandikwa andiko la utafiti. Hii ni hati inayoeleza ni nani atakayeshiriki, atafanyiwa nini, atafuatiliwa kwa muda gani, ni watu wangapi wanaohitajika, na matokeo yatapimwaje. Idadi ya washiriki ni hesabu ya kitakwimu, haichaguliwi kwa kukisia. Wakiwa wachache mno, jibu halitapatikana na watu watakuwa wamesumbuliwa bure. Wakizidi mno, wengine wataingizwa katika hatari isiyohitajika.

Andiko hilo hupelekwa kwanza kwa wanasayansi wengine walikosoe, kisha kwa kamati ya maadili. Nchini Kenya, mtafiti anahitaji pia kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Na kama anajaribu dawa au chanjo, hupitia Bodi ya Dawa na Sumu. Msingi wa taratibu hizi duniani ni Azimio la Helsinki, lililopitishwa na chama cha madaktari duniani mwaka 1964, ambalo linasema kwamba maslahi ya mshiriki hutangulia yale ya sayansi.

Kisha huja bajeti. Watu hufikiria vipimo na dawa, lakini sehemu kubwa ya fedha hulipia watu na vitu visivyoonekana: mishahara ya wauguzi na wahudumu wa nyanjani, mafuta ya gari, jenereta ya kulinda majokofu ya sampuli, bima ya washiriki, wataalamu wa takwimu, na uhifadhi wa kumbukumbu kwa miaka mingi. Mtafiti mkuu huwajibika kwa sayansi. Meneja wa programu huhakikisha kwamba dawa imefika kabla ya mgonjwa wa kwanza, kwamba kila aliyeajiriwa amefunzwa, na kwamba kila shilingi ina stakabadhi.

Uvumilivu nao ni sehemu ya mpango. Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilitengenezwa mwaka 1987. Jaribio lake kubwa la mwisho lilifanyika kati ya mwaka 2009 na 2014 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, Kilifi ikiwamo, likihusisha watoto zaidi ya 15,000. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza itumike kwa watoto tarehe 6 Oktoba 2021, miaka 34 baada ya kutengenezwa.

Jaribio lililosimamishwa

Hakuna mfano unaoonyesha umuhimu wa usimamizi kuliko jaribio la FEAST, lililoongozwa na daktari Kathryn Maitland wa kituo cha Kilifi. Swali lake lilihusu watoto wanaoletwa na homa kali huku damu haizunguki vizuri mwilini: mikono na miguu imepoa, moyo unakwenda mbio, mtoto amelegea. Katika hospitali za nchi tajiri, mtoto wa namna hiyo hupewa haraka maji mengi kupitia mshipa. Madaktari wengi waliamini kwamba watoto wa Afrika nao wangeokolewa vivyo hivyo, na kwamba kinachokosekana ni vifaa tu.

Kuanzia mwaka 2009, jaribio lilifanyika katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Teule ya Muheza nchini Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda. Watoto waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walipewa maji ya haraka ya aina moja au nyingine; kundi la kulinganisha lilipewa maji ya taratibu ya kawaida. Wote walipata dawa za kuua vijidudu, dawa za malaria na uangalizi uleule. Kwa kuwa mtoto mahututi hangoji mzazi asome karatasi, kamati za maadili ziliruhusu idhini ya mdomo kwanza na maelezo kamili baadaye, hali ikitulia.

Nje ya jaribio palikuwa na kamati huru ya kufuatilia data, yenye mamlaka ya kuangalia matokeo yangali yakikusanywa. Mwezi Januari 2011, watoto 3,141 wakiwa wameshaandikishwa kati ya 3,600 waliokusudiwa, kamati hiyo ilishauri uandikishaji usimamishwe. Katika makundi mawili ya maji ya haraka, asilimia 10.6 na 10.5 ya watoto walifariki ndani ya saa 48. Katika kundi la kulinganisha, asilimia 7.3. Tiba iliyoaminiwa kuwa ya kuokoa ilikuwa ikiongeza vifo: kwa kila watoto 100 walioipata, takriban watatu zaidi walipoteza maisha.

Ni muhimu kuelewa mpaka wa jibu hilo. Halikuwahusu watoto wanaoharisha. Mtoto aliyekaukiwa na maji kwa kuhara au kipindupindu bado anahitaji maji upesi, kwa mdomo au kwa mshipa.

Funzo la FEAST lina pande mbili. Kama jaribio lisingefanyika, tiba ile ingeendelea kusambazwa kwa nia njema, na hakuna ambaye angejua. Na kama lingefanyika bila kamati huru, watoto wengine zaidi wangeandikishwa ili tu idadi itimie.

Damu, uvumi na imani

Pwani ya Waswahili ina hadithi kongwe ya mumiani, mnyonya damu anayewinda watu ili auze damu yao kwa dawa. Mtafiti anayefika kijijini na sindano, asiyeeleza damu inakwenda wapi, huingia ndani ya hadithi hiyo bila kujua. Kilifi haikuepuka uvumi, na uvumi huo haukutokana na ujinga tu. Mara nyingi ulitokana na maswali halali yasiyojibiwa: kwa nini damu ichukuliwe kwa mtoto mzima? Kwa nini nyumba hii iandikwe na ile iachwe?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 na watafiti wa kituo hichohicho ulikiri tatizo jingine: wazazi wengi waliotia saini hawakuwa wametambua vizuri kwamba wameingia katika utafiti. Waliona ni hospitali, na hospitali hutibu. Saini ilikuwapo, lakini uelewa haukukamilika.

Katika miaka iliyofuata, kituo kilijenga mtandao wa wawakilishi wa jamii, zaidi ya 100, waliochaguliwa na wakazi wenyewe. Hukutana na wafanyakazi wa kituo mara kwa mara, hupeleka malalamiko, na huulizwa maoni kuhusu tafiti mpya kabla hazijaanza. Wahudumu wa nyanjani huajiriwa kutoka eneo hilohilo, kwa hiyo wanajua lugha na wanajua mlango gani hubishwa kwanza.

Historia ya pwani ya Somalia

Somalia nayo ina sura yake katika historia ya tiba duniani. Mwezi Oktoba 1977, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, alipanda gari lililokuwa limewabeba wagonjwa wa ndui ili aelekeze njia. Hakuwa amechanjwa ipasavyo, ingawa alifanya kazi hospitalini. Akaugua. Wafanyakazi wa kampeni ya kutokomeza ndui waliwatafuta watu 161 waliokuwa wamekutana naye, wakachanja na kuchunga njia. Maalin akapona, na ikawa ndiye mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida. Mwaka 1980 ugonjwa huo ulitangazwa kutokomezwa.

Kazi ile ilifanikiwa kwa mambo yaleyale yanayohitajika katika utafiti: orodha kamili, ufuatiliaji usiochoka, na watu wanaoaminiwa. Maalin mwenyewe baadaye alijitolea katika kampeni ya polio, akiwaambia wazazi wasifanye kosa lake. Alifariki mwezi Julai 2013 kwa malaria, akiwa katika kazi hiyo.

Katika miaka ya 1980 wasomi wa Somalia walifanya utafiti wa afya kwa kushirikiana na vyuo vya Sweden. Vita vya mwaka 1991 vilikatiza juhudi hizo, kama vilivyowatoa Wabajuni visiwani mwao. Maktaba, sampuli na kumbukumbu za wagonjwa haziwezi kufungashwa usiku mmoja.

Fedha zinapokatika

Programu nyingi za utafiti barani Afrika hutegemea wafadhili wa nje, na ruzuku nyingi ni za muda mfupi. Ruzuku ikiisha, muuguzi aliyefunzwa hupoteza kazi na daftari la wakazi huanza kuchakaa. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya kigeni, na majaribio kadhaa ya tiba yakasimama katikati, washiriki wakiwa bado na dawa au vifaa vya majaribio mwilini.

Kwa hiyo mpango makini hujibu mapema swali gumu: fedha zikikatika kesho, nani atamwangalia mshiriki wa leo?

Kama utafiti ungefika Chovae

Masharti hayohayo yangehusu kisiwa kama Chovae, kwa namna yake. Ratiba ya kutembelea nyumba ingepaswa kufuata bahari: upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu, mashua ndogo haiendi, na mshiriki hawezi kulaumiwa kwa kukosa miadi. Daftari la wakazi lingepaswa kumtambua mvuvi aliye dagoni na familia iliyo nusu Kismayo, nusu Mombasa. Chanjo zingehitaji ubaridi mahali ambapo umeme si wa kutegemewa.

Na lugha ingekuwa jambo la kwanza. Fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kisomali pekee haimfai mama anayezungumza Kibajuni, hata kama ameweka alama ya kidole. Kiswahili sanifu husaidia, lakini maneno kama "bahati nasibu" au "kundi la kulinganisha" yanahitaji kufafanuliwa kwa mifano ya nyumbani. Jamii ndogo isiyo na sauti serikalini ndiyo inayohitaji zaidi kueleweshwa kwa lugha yake, kwa kuwa ndiyo rahisi kuonewa au kusahauliwa. Kuachwa nje ya utafiti pia ni hasara: tiba isiyowahi kuhesabiwa kwa watu fulani hupangwa bila wao.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuridhia

Mtu yeyote anayeombwa kushiriki, au kumruhusu mtoto wake, ana haki ya kuuliza na kujibiwa:

- Je, hili ni tiba, ni utafiti, au vyote viwili?
- Nikikataa, nitatibiwa kama kawaida? Jibu sahihi ni ndiyo, bila masharti.
- Nikikubali leo, naweza kujitoa kesho? Jibu hapa pia ni ndiyo.
- Damu ngapi itachukuliwa, itapelekwa wapi, na itahifadhiwa kwa muda gani?
- Kuna hatari gani, na nikidhurika nani atagharimia matibabu?
- Kamati gani ya maadili imeidhinisha utafiti huu, na nitaipataje nikiwa na lalamiko?
- Matokeo yakipatikana, tutarudishiwa habari?

Mtafiti mwema hakasirishwi na maswali haya, kwa kuwa andiko lake lilikwisha kuyajibu kabla hajafika. Anayejibu kwa haraka, au anayemwambia mzazi atie saini kwanza, amevunja kanuni alizoahidi kuzifuata. Katika hali hiyo mzazi anaweza kurudisha kalamu mezani, na mtoto wake akaendelea kutibiwa.